Sikio la Barwako

Mdogo wangu Sahara alikaa nyumbani kwangu tangu tulipomzika Shangazi Rukia, na muda wote huo alikuwa mgeni. Nasema mgeni kwa ile maana inayoudhi. Alishukuru kwa kila kikombe. Akitaka maji ya kuoga aliomba kwanza, tena kwa sauti ya chini, utadhani bafu langu ni la serikali. Asubuhi alikunja shuka lake mpaka godoro likaonekana halijalaliwa, akaenda kuketi kwenye pembe ya zulia iliyo karibu na mlango, miguu kaikunja na buibui kalivaa, na wanawake waliokuja kutoa pole wakanisifia eti nina mdogo mtulivu. Mimi sikuutaka huo utulivu. Nilitaka aniulize kwa nini nimenenepa. Nilitaka aseme chai yangu haina tangawizi ya kutosha, kwa sababu haikuwa nayo, na yeye anajua chai. Badala yake alisema, "Mungu akubariki, abaayo," yaani dada, kama anavyosema mwanamke yeyote kwa mwanamke yeyote mjini Garissa, hata kwa muuza maziwa.

Sote wawili tulijua jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Shangazi ndiye aliyekuwa akitukutanisha. Akiumwa yeye, Sahara hupanda basi kutoka Rhamu, akipona, hurudi. Sasa hayupo. Basi la Mandera, ambalo humshusha Rhamu njiani, lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho yake, na kama angepanda hivyo alivyokuwa, na magoti yetu haya yanayolia tukiinuka, sikuona ni kitu gani kingemleta tena kwangu isipokuwa kifo changu, ambapo mimi nisingekuwepo kumkaribisha. Niliogopa. Nilizunguka jikoni nikifunika sufuria zilizokwisha kufunikwa.

Alasiri hiyo wageni wa mwisho walikuwa wameondoka. Sahara akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha gazeti na kukiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Zawadi ndogo kutoka kwetu," akasema. "Nilisahau kukupa." Kwetu yake ni Rhamu. Nilifungua nikakuta manemane, ule utomvu mkavu wa miti ya huko juu, vipande vyekundu vyenye vumbi. Harufu ilipanda kabla hata sijainamisha kichwa. Nikamwona Sahara ameacha kuniangalia, anakiangalia kile kifurushi. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike, "Yule Barwako wangu, alikufaje?"

Barwako alikuwa sungura. Na mwaka wa sungura wale ndio mwaka ulionifanya mimi kuwa mtu wa Garissa na Sahara kuwa mtu wa Rhamu, kwa hiyo sikuweza kumjibu kwa sentensi moja.

Tulikuja Garissa kutoka Sangailu mwaka ambao ng'ombe walikufa. Sitaeleza ukame; aliyeuona hahitaji kuelezwa, na asiyeuona ataniuliza kwa nini hatukuwauza mapema. Nitasema tu kwamba kwetu mtoto akizaliwa hupewa mtamba, ng'ombe wa kitovu chake, na uzao wote wa mtamba huyo unahesabiwa kuwa mali ya mtoto. Wangu aliitwa Osob, yaani majani mabichi. Wa Sahara aliitwa Barwako, yaani neema. Wote wawili waliachwa wamelala njiani, na baba na mama, waliobaki Sangailu, wakatupandisha lori na kutukabidhi kwa Shangazi Rukia, dada yake baba, ambaye tulimwita Eedo kama Wasomali wote wanavyowaita shangazi zao. Tulipofika hakutukumbatia kwanza. Alitupeleka uani, akatuvua nguo na kuzitupa, akatusugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikawaka, kisha akatusimamisha juu ya chetezo kilichokuwa kikifuka unsi, yale manukato ya sukari na ubani na marashi ambayo hakuna nyumba ya Kisomali inayokosa. Moshi ulipanda ndani ya magauni mapya. Ndipo akatukumbatia, akatunusa shingoni, akasema, "Haya. Sasa ninyi ni wa hapa."

Nyumba yake naikumbuka kuliko yoyote niliyowahi kuishi, hata hii yangu. Palikuwa na sebule yenye matakia ya kuegemea kuta zote tatu, zulia lililopigwa marufuku kwa watoto wenye miguu ya vumbi, na redio iliyosoma habari kwa Kisomali wakati wa chai. Palikuwa na chumba chake na mumewe, mchuuzi wa mbuzi ambaye siku nyingi alikuwa safarini. Na palikuwa na stoo ya mabati, ambayo ilikuwa yetu. Tulilala kwenye godoro moja baina ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Asubuhi tulikula anjera, ile mikate myembamba ya kumimina, kwa chai na mafuta ya ufuta. Mchana wali, na nyama ya mbuzi ikiwapo. Jioni anjera tena iliyobaki. Stoo ile mchana wa kiangazi haikukalika. Upande wa mlango ulipitisha upepo kidogo chini, na upande wa ndani haukupitisha kitu, na kwa sababu hiyo mimi na Sahara tulipigana kila siku ya Mungu. Tulipigania mlango. Tulivutana nywele, tulifinyana, tulisukumana kwa miguu. Shuleni tulikuwa tumewekwa darasa moja, maana hakuna kati yetu aliyewahi kusoma kwa mpango, na yeye mdogo alinishinda hesabu, jambo ambalo liliniuma zaidi ya makucha yake.

Adeer Abdi, ndugu wa baba yetu aliyekuwa na shamba kando ya mto Daua huko Rhamu, alitembelea nyumba ile kiangazi kilipoanza. Alitukuta tumeshikana nywele uani. Alitupita tu na viatu vyake vya vumbi. Baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumelala stooni tukijifanya tumesinzia, tulisikia sauti zao kupitia mabati. Mimi na Sahara huzungumza Kisomali, na Eedo pia, kwa hiyo maneno haya nayaandika kwa Kiswahili changu mwenyewe.

"Nipe mmoja," alisema Adeer.

"Hawa hawaachani," alisema Eedo.

"Hawaachani, au hawaachi kupigana? Nimeona kwa macho yangu."

Tulisikia kijiko cha Eedo kikizunguka kikombeni. "Mvua ikinyesha na barabara ikipitika, rudi," akasema. "Tutaona yupi."

Sahara alinigeukia. Alikuwa na macho makubwa, na siku ile yalijaa uso mzima. "Ni kwa sababu tunapigana," akanong'ona. Nami niliamini hivyo hivyo. Watoto tunaamini kwamba mambo ya wakubwa yanatokana na sisi. Tuliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatutapigana tena mpaka mvua, na alasiri ile ile akanipisha upande wa mlango, nami nikampisha yeye, mpaka tukaishia kulala wote upande wa ndani tukitiririka jasho, mlango hauna mtu.

Sungura tuliwapata kwa Mwalimu Njeri, mwanamke wa bara aliyefundisha sayansi na kufuga sungura nyuma ya darasa ili tuone jinsi wanyama wanavyotunzwa. Wanafunzi wengine waliwacheka. Sahara aliwasafishia kizimba bila kutumwa, kwa sababu alikuwa amezoea kuamka na kukuta mnyama anamngoja, na mikono yake ilikosa kazi. Mwalimu alipohamishwa alibakiwa na majike wawili wa uzao mmoja, akawaleta nyumbani kwetu mwenyewe, ndani ya kreti la soda. Eedo alitoka na upawa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na hakukionea haya.

"Mwalimu, hii banya kubwa mimi nafanya nini na yeye?"

"Si panya, mama. Ni sungura."

"Sungura mimi najua. Iko borini, inakimbia. Hii ya kukaa kwa nyumba ni banya."

"Watoto wako wanajua kumtunza. Hasa huyu mdogo."

Eedo alimtazama Sahara, aliyekuwa amekwisha kuingiza mikono ndani ya kreti. Sidhani alikuwa amemwona akitabasamu tangu tufike. "Fizuri," akasema. "Lakini akikufa, wewe usiniulize."

Mweupe Sahara alimwita Barwako. Wa kijivu nilimwita Osob. Hatukuelezana kwa nini. Tuliwajengea kizimba kwa mbao za masanduku na wavu wa kuku, chini ya ukuta wa jikoni ambapo kivuli kilidumu, tukawaletea majani ya sukumawiki yaliyotupwa na wanawake wanaouza mboga kutoka mashamba ya mto Tana. Joto lilipozidi tuliwalowanishia kipande cha gunia na kukitandaza pembeni ili walale juu yake. Lilikuwa wazo zuri, na ndilo lililoleta balaa, kwa sababu gunia lilikuwa dogo na wao walikuwa wamekua.

Tulirudi kutoka madrasa tukakuta manyoya meupe yametapakaa kizimbani. Osob alikuwa amejitandaza juu ya gunia bila wasiwasi. Barwako alikuwa amejibana kwenye pembe iliyo mbali kabisa, ukingo wa sikio lake la kushoto umechanika, damu imekauka, na nzi wawili wamekwisha kupata habari. Mimi nililia papo hapo. Sahara hakulia. Alimtoa taratibu, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya miguu ya nyuma ili asirushe mateke, akanipa nimfunge kwenye shali langu mpaka kibaki kichwa tu. Moyo wa sungura yule ulidunda kwenye kiganja changu kwa kasi iliyonitisha. Sahara alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe mpaka yasimtie uchungu ndama, ndivyo alivyosema, ndama. Akalowanisha kitambaa na kukiweka juu ya damu kavu bila kusugua, akangoja ilainike yenyewe. Kisha akayapuliza manyoya ya shingo, akiyatenganisha kwa pumzi, na kwa ncha ya kidole akagundua kitobo kidogo cha jino ambacho mimi nisingekiona kamwe. Nilitaka tufunge bendeji. Nilikuwa nimeona bendeji zahanati na zilinivutia sana.

"Akifungwa atajikuna mpaka achanike zaidi," alisema Sahara. "Kidonda hiki ni kidogo. Kinataka usafi na kinataka nzi wakae mbali. Mengine atafanya mwenyewe."

"Na Osob? Nimpige?"

"Umpigie nini? Alikuwa anaona joto."

Nilimtazama. Kwa siku nyingi sikuwa nimemtazama mdogo wangu isipokuwa kwa kumwonea wivu. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, nywele zimemwangukia, anamwimbia sungura kwa sauti ya puani ule wimbo usio na maneno ambao mama alikuwa akikamulia ng'ombe. Nikahisi upweke mkubwa, maana nilielewa kuwa tumepoteza kitu kile kile, ila yeye alikuwa amebaki nacho mikononi.

Eedo alipoona damu alisahau habari ya panya. Alituambia tumtenge mgonjwa, na tukamweka ndani ya kapu stooni. Kisha akafanya jambo ambalo kwetu ni la wema mtupu. Mwanamke akijifungua kwetu, au mtu akiwa na kidonda kibichi, huaminika kwamba harufu za duniani zitamdhuru: harufu ya marashi, ya vitunguu vinavyokaangwa, ya mgeni aliyetoka mbali. Kwa hiyo hufukizwa manemane asubuhi na jioni ili moshi wake umzunguke. Eedo, ambaye sebule yake ilinuka unsi tangu alfajiri, alimhurumia Barwako kwa marashi yake mwenyewe. Alileta chetezo, akaweka kipande cha manemane juu ya kaa, akakisogeza karibu na kapu kiasi cha moshi mwembamba kufika. "Maskini," alimwambia. "Umekuwa mzazi bila mtoto." Asubuhi na jioni alikuja kwa miguu yake. Sahara aliosha kidonda, mimi nilishika, Eedo alifukiza. Sijui kama tumewahi kuwa familia zaidi ya siku zile, watu watatu na sungura mmoja ndani ya stoo yenye joto la tanuri.

Kidonda kikafunga. Sikio likabaki na pengo, lakini kavu na safi. Tulimrudisha Barwako kizimbani kwa furaha, tukiwa tumetandaza magunia mawili safari hii. Osob alimsogelea, akamnusa mara moja, akasimama. Akapiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo. Kisha akamrukia kwa meno, na kama Sahara asingeingiza mkono na kung'atwa yeye, tungekuwa na kidonda kingine kibaya zaidi. Tulijaribu tena baadaye. Ikawa vile vile. Wawili waliozaliwa pamoja na kulala wakiwa wameegemeana, leo mmoja anamwona mwenziwe adui.

"Basi," alisema Eedo, akiusafisha mkono wa Sahara. "Hawa hawapatani tena. Mmoja apelekwe kwa watoto wa jirani. Wakitengana watatulia."

Alisema bila ubaya wowote, lakini Sahara alikataa chakula. Nilimkuta ameketi nyuma ya kizimba, uso magotini. "Mvua inakaribia," akaniambia. "Adeer atakuja. Kama sungura wakipigana wanatenganishwa, sisi itakuwaje?" Mawingu kweli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mto, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka mvua inyeshe. Kwa mtoto wa wafugaji, hilo ni karibu na kufuru.

Ni yeye aliyegundua. Alimchukua Osob akamnusa mgongoni, akamchukua Barwako akamnusa, akarudia. "Naa, njoo unuse," akaniita, kama wasichana wa kwetu wanavyoitana. Osob alinuka majani na mkojo na vumbi. Barwako alinuka manemane. "Unakumbuka yule ng'ombe wa mama aliyefiwa na ndama?" Nilimkumbuka. Ng'ombe aliyefiwa na ndama huzuia maziwa, na mama alichukua ngozi ya yule ndama aliyekufa akaivika juu ya ndama mwingine aliyekosa mama. Ng'ombe akanusa, akalamba, akaachilia maziwa. "Osob hajamchukia," alisema Sahara. "Hamjui. Tumemfanya mgeni."

Eedo alituelewa nusu, lakini alitupa chetezo. Tuliwatia sungura wote wawili ndani ya kapu moja, kitambaa kikiwatenga katikati ili wasiumane, tukafunika shali juu, tukaacha moshi wa manemane uingie kidogo kidogo huku mimi nikiinua ukingo ili wapumue. Tulipowatoa, wote wawili walinuka kitu kimoja. Osob alimsogelea Barwako. Mkono wa Sahara ulikuwa umenishika mkono, na kucha zake zilinichoma, na sikujali. Osob akanusa pua, akanusa shingo, akafika kwenye sikio lililopona. Akaanza kulilamba. Barwako akajilaza chini akafumba macho. Walilala kwenye gunia moja lile lile dogo, na la pili likabaki bure.

Mvua ikanyesha, barabara ikapitika, Adeer Abdi akarudi. Sahara hakungoja. Wakiwa sebuleni na chai yao, aliingia na miguu yake ya tope moja kwa moja juu ya lile zulia, sungura mmoja kila kwapa, mimi nikimfuata nyuma, akawaweka mbele ya Adeer.

"Walikuwa wanapigana," akasema. "Sasa hawapigani. Hawakutenganishwa."

Adeer aliwatazama sungura, akatazama lile sikio lenye pengo, akauliza kimemtokea nini. Sahara akamweleza yote: maji ya chumvi, kitobo cha shingoni, moshi, ndama wa mama. Alieleza kwa utulivu kama mtu anayetoa ushahidi. Nilimwona Adeer akiweka kikombe chini. Alikuwa mtu mkavu, lakini aliligusa lile pengo kwa ncha ya kidole. Akamgeukia Eedo.

"Ni huyu," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Sahara alikuwa bado anatabasamu, akingoja. Eedo aliinuka akatushika mikono, akatupeleka jikoni, akaketi kwenye kigoda chake na kutuketisha chini mbele yake. "Mlidhani ni kwa sababu mnapigana?" alisema. "Nani aliwaambia? Mke wa Adeer amezika watoto wake wote. Nyumba yake haina sauti. Ameomba mtoto kwa ndugu, na ndugu akiomba mtoto hapewi maneno. Hata mngekuwa malaika, mmoja wenu angekwenda." Kisha akafunika uso kwa ncha ya shali lake, akalia kwa sauti, na sisi tuliokuwa tumeapa tusilete fujo tukalia naye mpaka wali ukaungua.

Siku ya kuondoka Sahara alivalishwa gauni jipya na kufukizwa unsi, kama siku tuliyofika. Nilimletea Barwako ndani ya kapu, nimemtandikia majani ya njiani. Alimtoa, akambusu kwenye lile pengo la sikio, akamrudisha mikononi mwangu.

"Mchukue, ni wako," nilimwambia.

"Nikimchukua atanuka Rhamu," alisema. "Siku akirudi, Osob hatamjua."

Gari likaondoka naye. Likizo ya kwanza aliyokuja kututembelea alikuwa amerefuka, anaongea kwa lafudhi ya kule juu, anamwita mke wa Adeer mama. Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini alinukia sabuni nyingine na nywele alisuka kwa mtindo mwingine, na tulipokutana uani tulisimama, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze, kisha tukapeana mikono. Mikono! Hakuna aliyekosea. Mke wa Adeer alimpenda, alimsomesha, akamwoza kwa heshima, na Sahara akamuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Hakuna mtu wa kulaumiwa katika habari hii, na labda ndiyo sababu hatukuwahi kuizungumza.

Haya yote nilimwambia alasiri ile, na mengine alinikumbusha yeye. Nilimwambia kwamba Barwako alikufa kwa uzee, asubuhi moja tulivu, Osob akiwa amelala ubavuni mwake, na Osob mwenyewe hakuumaliza msimu ule. Nikamwambia kwamba Eedo ndiye aliyechimba shimo nyuma ya jikoni, tena refu, ili mbwa wasifukue, na jirani alipouliza anazika nini akamjibu kwa Kiswahili chake, "Banya yangu."

Sahara alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, kikamgeukia kilio, na hakujifuta uso. Nami sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nikafanya ambalo mwanamke wa kwetu hufanya mgeni wake akikaribia kusafiri. Niliwasha makaa, nikaleta chetezo, nikaweka juu yake kipande cha manemane yake. Kwa desturi mgeni hupewa kwanza, akafukiza nguo zake, kisha kikampitia mwingine. Nilimsogezea. Aliliinua shali lake juu ya moshi, akakaa hivyo kidogo. Halafu akainua ukingo wa upande wangu, akaushikilia juu.

"Ingia," akasema.

Nilijivuta kwenye zulia kwa magoti yangu mabovu, nikaingia. Alitufunika vichwa sote wawili. Mlikuwa na giza na joto kama stooni, moshi ulituwasha macho, tukakohoa, bega lake limeegemea langu, na nikasikia akininusa shingoni kama alivyotunusa Eedo siku ile ya kwanza. Tulikaa humo mpaka makaa yakafifia.

Nilipotoka nilikumbuka safari yake. Nikamuuliza nimwamshe saa ngapi kwa ajili ya basi.

"Usiniamshe," akasema. "Na kesho chai napika mimi. Yako haina tangawizi."